Kijiwe cha Mwembeni: Cormier ni wa ngapi?

*Alhamisi*

Shabani 19:42
Habari za jioni wanakijiwe. Jumamosi baada ya isha tunawasha TV barazani kwa Mama Zuhura. Flashi ninayo, mapambano makubwa yote ya kilo 93. Ila kabla ya hapo kila mtu aseme humu: Daniel Cormier ni wa ngapi kwenye uzito ule tangu uwepo mkanda wa UFC, ile ligi ya Wamarekani ya ngumi na mieleka? Mimi nasema wa pili. Mchango buku tatu, tumeni kwa dada Neema.

Shabani 20:15
Mmesoma, mmenyamaza. Naona tiki zote.

Iddi 20:21
wa tano kaka. Jon Jones, Liddell, Ortiz, Shogun, halafu ndo DC, Cormier wako huyo

Shabani 20:23
Shogun?? Mkanda wa UFC hajautetea hata mara moja. Kauchukua 2010, 2011 Jones kamnyang'anya.

Iddi 20:24
na Japani 2005 je? kabeba Grand Prix ya Pride, ile ligi ya Wajapani, ana miaka 23. Ortiz katetea mara tano, Liddell nne. DC kilo 93 katetea tatu tu, na mkanda wenyewe kaukuta wazi baada ya Jones kuvuliwa

Shabani 20:31
Kaukuta wazi, hakuuokota. Kaupigania Mei 2015 na Anthony Johnson, yule akikugusa unalala. Raundi ya kwanza DC kapigwa ngumi kaenda chini. Kainuka, kamkumbatia, kamlalia mpaka pumzi ikakata, raundi ya tatu kabali ya nyuma. 2017 wakarudiana, kabali ileile, raundi ya pili. Gustafsson wamekwenda raundi tano. Oezdemir hakumaliza mbili. Na DC ni mtu wa sentimita 180, anawaangalia wote kwa chini! Kilo 93 kapigwa na mtu mmoja tu duniani, Jones. Hizo tetea za Ortiz niwekee na majina ya aliowapiga, ndo tubishane.

Rama Bucha 20:33
Huyu DC si yule aliyeshika taulo kwenye mizani 😂

Fundi Juma 20:34
😂😂😂

Shabani 20:34
Rama tusitoke kwenye mada.

Iddi 20:36
Buffalo, Aprili 2017! kapanda mizani pauni 206.2, mwisho 205, ndo hizo kilo 93. kashuka. dakika chache karudi, wamemzungushia taulo, mikono yote miwili kaikandamiza juu ya taulo, mizani ikasoma 205 kamili 😂😂

Mama Zuhura 20:40
Mizani hiyo naijua. Ndiyo iliyopima nyama ya Bagamoyo.

Rama Bucha 20:41
Mama Zuhura, yale si tulishayamaliza

Mama Zuhura 20:43
Uliyamaliza na nani? Niliyesimama na mwiko ni mimi. Sufuria mbili za pilau, nyama unaitafuta kwa tochi. Wageni wa Tanga wananiangalia mimi usoni, si wewe.

Rama Bucha 20:44
Mimi nilipima nilicholipwa. Aulizwe aliyekuja na hela.

Fundi Juma 20:46
DC angekuwepo Bagamoyo angelishikilia sufuria lipande uzito

Shabani 20:47
Jamani MADA. Juma, ule waya mrefu unao? Spika analeta nani?

Shabani 22:10
Spika??

*Ijumaa*

Dada Neema 07:10
Asalaam aleikum. Waliotuma mpaka sasa ni wanne. Na Jumamosi mimi niko Kibaha kwenye mahari, msinipigie pigie.

Mzee Kombo 09:05
Nimesoma yote tangu jana. Huyo Cormier namfahamu, mjukuu wangu huniwekea. 2003 alimpoteza binti yake mchanga kwa ajali ya gari. 2008 alikuwa nahodha wa mieleka wa Marekani kule Beijing, figo zikagoma kwa ajili ya kupunguza uzito, akarudi nyumbani hajapigana hata pambano moja. Ngumi hizi kaanza ana miaka 30. 2018 akamlaza Miocic raundi ya kwanza, akawa na mikanda miwili kwa wakati mmoja, wa kwake na wa uzito wa juu. Kwangu ni wa pili. Jones ni wa kwanza, maana Januari 2015 alimshinda kihalali. Pambano lao la Julai 2017 lilifutwa kwa sababu Jones alikutwa na dawa, lisihesabiwe kwa yeyote. Taulo ni doa, nalo tusilifiche kwa kuwa tunampenda.

Na la Bagamoyo. Rama alipewa hela ya kilo kumi na mbili. Nilikuwepo buchani. Michango ilikuwa ya kilo ishirini. Shabani, nilinyamaza kwa heshima ya marehemu mama yako. Safari hii hela ishikwe na Neema peke yake, na hesabu iandikwe humu humu kila mtu aione.

Rama Bucha 09:20
Shikamoo mzee. Ahsante.

Shabani 11:52
Shikamoo mzee. Nimekusikia. Baada ya swala nakuja kwako.

Mzee Kombo 11:53
Marahaba. Njoo.

Iddi 13:30
shikamoo babu. basi DC wa pili nakubali. ila wa tatu Liddell, hapo simsikilizi mtu. enzi zake 2005 mpaka 2007 watu walikuwa wanaogopa hata kumsogelea

Mama Zuhura 14:02
Baraza lipo, TV ipo. Mihogo nitakaanga. Pilau sipiki.

Fundi Juma 14:15
Waya ninao, mita ishirini. Ila soketi ya hapo barazani imeungua, nani ananunua nyingine? Giza likishaingia siji kugusa umeme mimi

Rama Bucha 14:16
Mishikaki italetwa, kila mtu anunue wake. Mizani nakuja nayo, mje na mataulo 😂

Shabani 21:55
Tunaanza saa mbili na nusu, na la Johnson la 2015. Soketi nitanunua kwa hela yangu, isiingie kwenye mchango. Neema ukiwa Kibaha watakaolipa mlangoni wanampa nani?

Shabani 22:30
Neema?

Salim Zamu ya Usiku 23:48
Samahanini ndugu, ndo nashika simu sasa hivi. Glover Teixeira mmemweka wapi? Kachukua mkanda Abu Dhabi 2021 ana miaka 42. Na Jones mwenyewe hakuweza kumlaza, walimaliza raundi zote tano.

Iddi 23:49
haya. tuanze upya