"Get" tatu katika ujumbe mmoja

Fundi wa Birere, Goma:
Ndugu, hamjambo. Ninashona nguo hapa Birere na wageni wengi huniandikia Kiingereza. Jana mteja wa kabá (gauni) ya kitenge aliandika: "Did you get the fabric? It's getting late. I'll get there by four." Mimi nimesomea Kifaransa, "obtain" naijua kwa "obtenir". Je, "get" zote hizi ni kitu kimoja?

Mwalimu, Bukavu:
Hapana. Tazama kinachofuata. Ikifuata kitu, ni kupata au kupokea: amekuuliza kama kitambaa kimekufikia. Ikifuata hali, kama "late" au "tired", jambo linageuka: muda unakwenda. Ikifuata mahali, ni kufika: atakuwa kwako saa kumi. "Obtain" na "receive" ziliingia Kiingereza kupitia Kifaransa, ndiyo maana zinanukia ofisi. Kwenye risiti andika "received". Kwenye simu "get" inatosha, na haina utovu wa heshima hata kidogo.

Dada wa Kenya, Lubumbashi:
Ongeza hili, maana linahusu pesa: "I've got the money" ni ninazo, hapa mkononi. Mmarekani akisema "I've gotten the money", amezipata. Uingereza hiyo "gotten" ni nadra.

Fundi wa Birere, Goma:
Aksanti sana, mwalimu, na dada pia. Nimemjibu: "Yes, I got it." Na "get the dress ready" je? Hiyo nayo ameandika sasa hivi.

Mwalimu, Bukavu:
Anataka uitayarishe. Shika cherehani, ndugu.