4:2:0 na 4:2:2: hizi namba zinahesabu nini hasa?

kijani_studio:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mahojiano yamepigwa mbele ya kitambaa cha kijani, 1080p, kamera imerekodi 4:2:0 (namba zinazoonyesha rangi inavyohifadhiwa kwenye video) ya biti 8. Nikiondoa kijani, kingo za mabega zinatoka ngazi ngazi na nywele zinabaki na ukijani. Ninavyoelewa, 4 ni mwangaza, 2 ni bluu na 0 ni nyekundu. Sasa mbona nyekundu inaonekana? Na nikigeuza faili liwe 4:2:2, kingo zitapona?

mhariri_pwani:
Hapana mkuu, namba hizo hazigawani bluu na nyekundu. Chukua kipande cha picha chenye pikseli 4 kwa upana na mistari 2. Namba ya kwanza ni huo upana. Ya pili ni sampuli za rangi zinazochukuliwa mstari wa juu. Ya tatu ni sampuli mpya za rangi kwenye mstari wa chini. Ikiwa 0, mstari wa chini unaazima rangi za ule wa juu. Kila sampuli ya rangi hubeba thamani mbili kwa pamoja, Cb (upande wa bluu) na Cr (upande wa nyekundu), kwa hiyo nyekundu ipo.

Mwangaza, yaani Y, hauguswi. Kila pikseli ina wake, na ndiyo sababu picha inaonekana kali: jicho hushika tofauti za mwanga vizuri kuliko za rangi. Kwa pikseli hizo 8, 4:4:4 inahifadhi thamani 24, 4:2:2 inahifadhi 16, na 4:2:0 inahifadhi 12.

Tatizo lako liko hapa. Kwenye 1080p ya 4:2:0, ramani ya rangi, yaani sampuli zote za Cb na Cr, ina pikseli 960×540 tu, na programu inaamua kipi ni kijani kwa kutegemea ramani hiyo. Rangi moja inatumika kwa pikseli 4, mbili kwa mbili, ndipo ngazi zinapotokea. 4:2:2 ingekupa 960×1080.

fundi_rangi:
Kugeuza faili hakusaidii. Rangi iliyotupwa wakati wa kurekodi hairudi. Programu itakisia za katikati na faili litanenepa bure. Kwa picha ulizonazo, lainisha ramani ya rangi peke yake kwa pikseli 1 au 2 kabla ya kuondoa kijani, mwangaza usiuguse. Kisha ondoa ukijani wa nywele kwa hatua ya pekee, usikaze ufutaji mpaka nywele zenyewe zifutike.

Mkirudia kupiga, rekodini 4K hata kama ni 4:2:0, halafu punguza iwe 1080p. Ramani ya rangi ya 3840×2160 ni 1920×1080, kwa hiyo kila pikseli ya mwisho inapata rangi yake. Zima pia ukali wa picha ndani ya kamera, maana unachora mstari kuzunguka mtu, na msogezeni mbali na kitambaa.

kijani_studio:
Asanteni sana. Faili nalikaguaje? Na anga kwenye picha za nje linatoka matabaka matabaka, nayo ni 4:2:0?

mhariri_pwani:
Matabaka ya anga mara nyingi ni biti 8, yaani ngazi za rangi ni chache, au faili limebanwa mno. Ni suala jingine. 4:2:0 ya biti 10 ipo na anga lake hutoka laini zaidi. Kukagua, tumia ffprobe, programu inayokuja na ffmpeg (programu ya kugeuza video):

`ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=pix_fmt video.mp4`

yuv420p ni 4:2:0 ya biti 8, yuv422p10le ni 4:2:2 ya biti 10.

fundi_rangi:
Wakati wa kutoa kazi, andika `-pix_fmt yuv420p`. Ukitengeneza video ya H.264 (aina ya mbano wa video) kutokana na picha za PNG bila kutaja hilo, ffmpeg inaweza kutoa yuv444p, na simu nyingi hazitaifungua. Upana na urefu viwe namba shufwa: 1081 itakataliwa, kwa sababu ramani ya rangi ni nusu ya picha na 1081 haigawiki kwa 2. Weka `-vf "scale=trunc(iw/2)*2:trunc(ih/2)*2"`.