Lango la banio: mazungumzo ya wanajumuiya, Usangu

Katibu: Ndugu wanajumuiya ya watumia maji, habari za asubuhi. Jana jioni nilikuta lango la banio letu, kizuizi kinachogeuza maji ya mto yaingie mfereji wetu, limeinuliwa lote, ilhali mpunga umekwisha kuvunwa na ng'ombe wanakanyaga tope kwenye majaruba, vipande vya mashamba ya mpunga. Naomba tulijadili kabla ya kikao cha Jumamosi, ambacho wenzetu wa chini ya mto na wafugaji watahudhuria.

Mama Tumaini: Shikamoo Katibu. Ni mimi niliyeomba lifunguliwe. Mfereji ukikauka, sisi wa mwisho wa mfereji hatuna maji ya kupikia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetanguliza matumizi ya nyumbani, au nimekosea?

Baba Rehema: Hujakosea, mama, ila ndoo zenu hazihitaji lango zima, maji mengi yanaishia kwenye majaruba matupu. Sheria hiyohiyo, baada ya nyumbani, imeutengea mto wenyewe fungu lake kabla ya mashamba. Mto wetu, Ruaha Mkuu, umekuwa ukikatika kiangazi huko chini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu 1993, viboko wakibanana madimbwini, nasi huku tunawanyooshea kidole wafugaji peke yao.

Mwalimu mstaafu: Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walituletea mchezo wa bonde la mto: ubao mrefu ulioinamishwa, gololi zikiwa maji, vijiti vikiwa mabanio na mashimo yakiwa mashamba. Nilikaa juu, nikaweka kijiti changu, mashimo yangu yakajaa mara moja. Jirani yangu wa chini akaambulia gololi tatu. Nilicheka, kisha nikaona haya. Semina zote nilizohudhuria kabla ya hapo hazikunifikisha hapo.

Kijana wa chini: Shikamooni wazee. Kibali chenu cha kutumia maji kinataja lita kwa sekunde, lakini ule ubao wa namba za kina pale banioni ulisombwa na mafuriko. Bila kipimo, kila upande utaapa kwamba unachukua kidogo.

Katibu: Marahaba. Basi nitapendekeza lango lishushwe mpaka upenyo wa kiganja, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iombwe kurudisha kipimo, na tuanze mchango wa kisima cha vitongoji vya mwisho, kwa sababu bila kisima lango litainuliwa tena usiku. Mama Tumaini, njoo na wanawake wenzako, maana kikao kilichopita mwanamke alikuwa mmoja tu, naye alikuwa jikoni akipika chai.

Mama Tumaini: Tutakuja wanne, Katibu. Chai mpike ninyi.