Java inanipa "saa -4" badala ya saa nane usiku

Ngamiani_Kodi
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza programu ya ratiba ya mabasi ya stendi ya Kange, hapa Tanga. Muda umehifadhiwa kwa dakika tangu saa sita usiku: basi la dakika 135 linaondoka 2:15, yaani saa nane na robo usiku. Saa naipata kwa `135 / 60`, kisha `(saa - 6) % 12` (alama `%` hutoa baki la kugawanya). Kwenye Python (huko natumia `//`, kugawanya kunakotoa namba kamili) napata 8. Kwenye Java naona -4. Tena saa kumi na mbili inatoka 0 kotekote. Nakosea wapi?

baki_sifuri
Mkuu, lugha hizo mbili hazikubaliani kwenye namba hasi. 2 - 6 ni -4. Ukigawanya kwa 12, Java hukata desimali kuelekea sifuri: jibu 0, baki -4. Python hushuka hadi namba kamili ya chini: jibu -1, baki 8. Zote ni sahihi, maana jibu × 12 + baki hurudisha -4. Lugha ya C tangu C99 (toleo lake la 1999), na JavaScript, huhesabu baki kama Java.

Dawa ni kutoiruhusu hasi itokee kabisa:

`(saa + 5) % 12 + 1`

Weka 2: 7 + 1 = 8. Weka 6: 11 + 1 = 12. Weka 0: 5 + 1 = 6. Ile sifuri yako imekwisha hapohapo, kwa sababu saa zetu zinahesabiwa 1 hadi 12.

Mkwakwani_dev
Hiyo fomula ni safi, ila angalia unapotoa muda. Basi likifika Kange dakika ya 15 baada ya safari ya dakika 40, liliondoka dakika -25. Java: `-25 / 60` ni 0, `-25 % 60` ni -25. Python nayo inatoa saa -1 badala ya 23. Rudisha dakika ndani ya siku (dakika 1440) KABLA ya kugawanya, kwa `floorMod`, inayotoa baki kwa mtindo wa Python:

`Math.floorMod(-25, 1440)`

Inatoa 1415, yaani 23:35, saa tano na dakika 35 usiku. Ipo tangu Java 8. Kwenye JavaScript andika `((d % 1440) + 1440) % 1440`, na saa uipate kwa `Math.floor(d / 60)`, la sivyo 135 / 60 inakupa 2.25.

baki_sifuri
Naongezea: kwenye Java usipime witiri kwa `n % 2 == 1`. -7 inatoa -1, inapita kama shufwa. Andika `n % 2 != 0`.