Mwanangu anavaa miwani: apimwe afya kabla au baada ya kulipa ada ya urubani?

MamaWawili: Habari zenu wanajukwaa. Mwanangu ana miaka 19, amemaliza kidato cha sita, na tangu utotoni wimbo wake ni urubani tu. Mimi na baba yake tumepata mnunuzi wa kiwanja ili tulipe ada, lakini kijana anavaa miwani tangu darasa la tano na aliugua pumu hadi alipofikisha miaka 9. Chuo kimetuambia tulipe kwanza, kwani cheti cha afya kitahitajika atakapokaribia kurusha ndege peke yake. Je, utaratibu huo ni salama kwetu?

RubaniWaPwani: Shikamoo mama. Tafadhali msiuze kiwanja kabla kijana hajapimwa. Chuo hakikudanganya, ila kimewaeleza nusu ya habari. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, mwanafunzi anayetaka kuruka peke yake anahitaji cheti cha daraja la pili tu, ilhali rubani wa biashara lazima awe na daraja la kwanza. Mwenzangu mmoja alianza na daraja la pili, ambalo kwa upande wa masikio humtaka mtu asikie sauti ya mazungumzo ya kawaida kwa masikio yote mawili, akiwa mita 2 kutoka kwa daktari na amempa mgongo. Alifaulu. Alipokwenda kupimwa daraja la kwanza, ambako kila sikio hupimwa peke yake kwa mashine, ndipo ilipoonekana kwamba sikio lake la kushoto halifikii kiwango, na wakati huo wazazi wake walikuwa wameshalipa zaidi ya nusu ya ada. Apimwe daraja la kwanza tangu mwanzo.

MuuguziWaMacho: Miwani peke yake haimzuii, dada. Daraja la kwanza linataka kila jicho lione 6/9 au zaidi (yaani lione kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 9), na yote mawili kwa pamoja 6/6, hata kwa msaada wa miwani, mradi aivae awapo kazini na awe na ya akiba karibu. Ningehofia zaidi rangi, kwa sababu wengi hawajui kwamba hawazitofautishi mpaka wanapowekewa kurasa za Ishihara, zile zenye namba iliyofichwa kati ya vitone. Kuhusu pumu, inayokataliwa ni ile yenye dalili nzito. Iliyotulia miaka 10 daktari ataipima kwa kumbukumbu za matibabu, kwa hiyo msiifiche hata kidogo.

MamaWawili: Marahaba mwanangu, na asante dada. Akishafaulu, imekwisha?

RubaniWaPwani: Hapana, mama. Cheti cha daraja la kwanza hudumu miezi 12, na baada ya miaka 60 hupungua kuwa miezi 6. Kipimo cha umeme wa moyo hufanywa mwanzoni, kisha angalau kila miaka 2 kati ya umri wa miaka 30 na 50, na kila mwaka baada ya hapo. Aende kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa kuwa cheti cha hospitali ya kawaida hakitapokelewa. Naunga mkono neno la kutoficha: mwaka 2015 msaidizi wa rubani wa Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani, aliyemficha mwajiri ugonjwa wake wa akili, aliiangusha ndege kwa makusudi huko Ufaransa, wakafa watu wote 150.

MamaWawili: Nimeelewa. Kadi zake za kliniki ninazo sandukuni, na mnunuzi amekubali kusubiri hadi mwisho wa mwezi.