Naomba ushauri: mzee alifungwa mkojo na tezi dume, sasa figo zimeathirika

Habari zenu wakuu. Mzee wangu, miaka 71, amelazwa. Tezi dume ilibana njia ya mkojo mpaka yakawa yanatoka matone tu, na tumbo la chini likawa gumu kama ngoma. Ultrasaundi ilionyesha figo zote mbili zimevimba kwa mkojo uliorudi nyuma. Kriatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyosafisha, ilisoma 640, wakati kwa mwanaume mzima kawaida ni kama 110 hivi kushuka chini.

Amewekewa mpira wa kutolea mkojo. Siku ya kwanza mfuko ulijaa, ukamwagwa, ukajaa tena, mama akaogopa sana. Daktari akatuelewesha kwamba njia ikifunguka figo huweza kutoa maji na chumvi kupita kiasi, ndiyo maana manesi wanapima kila kinachoingia na kutoka. Kriatinini sasa 310.

Hapa familia imegawanyika. Kaka zangu wanataka ahamishiwe Muhimbili akasafishwe damu kwa mashine haraka. Mimi naona figo zipewe nafasi: potasiamu, madini ya damu yanayopanda figo zikishindwa, iko sawa, hajavimba, anapumua vizuri. Daktari naye anashauri tusubiri, tezi ifanyiwe upasuaji figo zikitulia.

Madaktari na mliowahi kuuguza mgonjwa wa hivi, kriatinini iliendelea kushuka kwa muda gani? Akirudi nyumbani na mpira, mnautunzaje usilete maambukizi? Na mgongo unamuuma, anadai diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Nimemkatalia kwa sababu ya figo. Tumwombe daktari dawa gani badala yake?