Tupeane uzoefu: Gemu za mkononi zilizotengenezwa upya, je, zinazifikia zile za awali?

Betri Nne (Kampala), mwanzisha uzi

Nawasalimu nyote. Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kwangu Ntinda na Switch yake, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo, akanikabidhi huku akicheka: "Mjomba, gemu yako ya kale imefufuka." Ilikuwa The Legend of Zelda: Link's Awakening, ambayo ilitoka mwaka 1993 kwa ajili ya Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo ya zamani, na ambayo kampuni ya Grezzo iliitengeneza upya mwaka 2019. Game Boy yangu ilikuwa ile nene ya kijivu, iliyokula betri nne na isiyokuwa na taa kwenye kioo, kwa hiyo umeme ulipokatika niliisogeza karibu na tadooba, taa yetu ya mafuta, mpaka mama akalalamika kwamba nitaunguza nywele.

Nimeimaliza hiyo mpya, na nataka kuwa mwadilifu. Game Boy ilikuwa na vitufe viwili tu vya kazi, A na B, na kila chombo kilipaswa kuwekwa kwenye kimojawapo: upanga, ngao, unyoya wa kurukia, bangili ya kunyanyulia mawe. Ukigusa jiwe bila bangili, maandishi yalitokea kukuarifu kwamba ni zito, na yalitokea tena kila ulipoligusa, hata mara mia. Toleo jipya limeupa upanga na ngao vitufe vyake, na bangili hufanya kazi bila kuwekwa popote. Hilo ni rehema. Lakini katika gemu ya awali kisiwa kilionekana kipande kimoja kwa wakati mmoja, kila kipande kikijaza kioo kizima, na hukujua kilichokusubiri ng'ambo mpaka uvuke. Sasa nje ya mapango picha inakufuata bila kukatika, nawe unamwona adui kabla hujamfikia. Kisiwa ni kilekile, ila kwangu kimepungua ukubwa. (Na picha hukwama kidogo unapoingia kijijini, jambo ambalo sikulitarajia kwenye mashine ya kisasa.)

Naomba mtueleze yaliyowapata ninyi. Sharti langu ni moja: usituambie tu kwamba ulikuwa na miaka kumi na dunia ilikuwa tamu. Tuambie kilichobadilishwa, na kama mabadiliko hayo yalikugusa.

Mtoto wa Kambi (Jinja)

Ahsante kwa mada, kaka. Mimi nimekulia kambini, ambako watoto wa makabila yote tulisikilizana kwa Kiswahili, na katika nyumba zaidi ya ishirini kulikuwa na Game Boy Color moja tu, ya kwetu, pamoja na kaseti moja, Pokémon Gold. Kwa wasioijua, ni gemu ya kukamata na kukuza viumbe; ilitoka Japani mwaka 1999 na ina saa ndani yake inayoendelea kutembea hata mashine ikiwa imezimwa, ili usiku wetu uwe usiku wake. Wapo viumbe ambao huwapati mchana hata ufanyeje.

Jambo ambalo sijaona likizungumzwa ni hili. Katika Gold usiku huingia saa kumi na mbili jioni. Kwetu hapa, karibu na Ikweta, jua huzama muda si mrefu baada ya saa hiyo, Januari hata Desemba, kwa hiyo giza la gemu na giza la uani vilikuja karibu pamoja. Tuliketi barazani tukimngoja Hoothoot, kiumbe wa usiku, kama watu wanaongoja kumbikumbi. Nilipopata HeartGold, toleo jipya la mwaka 2009 la Nintendo DS, niligundua kwamba usiku umesogezwa hadi saa mbili. Huko kwenye nchi ambazo jua la kiangazi hukawia kuzama, pengine inafaa. Kwangu ilikuwa ajabu kuona mchana mweupe kwenye kioo wakati popo wameshatoka miembeni.

Hilo ndilo lalamiko langu pekee, na ninakiri ni dogo, kwa sababu HeartGold ndiyo gemu iliyotengenezwa upya kwa heshima kuliko zote nilizocheza. Gold ilibanwa na nafasi ya kaseti, hata sehemu ya pili ya safari, katika nchi ya Kanto, ikakatwakatwa, na msitu wa Viridian ukabaki njia ya kawaida tu. Toleo jipya liliurudisha msitu huo. Kiumbe wako wa kwanza kwenye orodha anatembea nyuma yako, na ukimgeukia anakuonyesha hali yake. Isitoshe, mwishoni kuna kifaa kinachokurudishia muziki wa kale, zile sauti nyembamba za Game Boy, usikie ulikotoka. Dosari za zamani nazo wamezihifadhi kwa uaminifu uleule: viumbe wa porini wana viwango vya chini kupita kiasi, na kukuza kikosi chako kabla ya pambano la mwisho ni kazi ya kuchosha kama kupalilia shamba la mwenzio.

Kaseti yetu ya Gold ilikufa. Saa ile huimaliza betri ndogo iliyo ndani, na betri ikiisha kila ulichohifadhi kinatoweka. Tulirudi kutoka shuleni siku moja tukakuta gemu haitukumbuki.

Dada wa Mbale

Samahani wakubwa zangu, lakini mimi nitakwenda kinyume. Sikuwahi kumiliki Game Boy. Nilianza na FireRed ya mwaka 2004, toleo jipya la Pokémon Red, niliyoicheza kwenye emuleta ya simu, yaani programu inayoiga mashine ya gemu, na baadaye tu ndipo nikatafuta Pokémon Red ya awali ili nione wakubwa wanalilia nini. Niliivumilia siku nne. Mfuko unabeba aina ishirini tu za vitu. Sanduku la viumbe likijaa, huwezi kukamata mwingine mpaka uende kwenye kompyuta ukabadilishe sanduku kwa mkono. Viumbe wa akili hawana mpinzani wa maana, kwa sababu mashambulizi ya mizimu, ambayo ndani ya gemu yenyewe unaambiwa yanawaweza, hayawagusi kabisa kutokana na kosa la watengenezaji. FireRed ilisahihisha hayo yote na kuongeza visiwa vizima vya kutembelea baada ya ushindi.

Sisemi haina kasoro. Kiumbe wangu Golbat alikuwa tayari kugeuka Crobat, umbo lake linalofuata, lakini gemu ikamkatiza kila alipoanza, eti mpaka kwanza nipewe orodha ya viumbe wa nchi zote, ambayo hutolewa baada ya kumshinda bingwa. Nilidhani nimebonyeza kitu kimakosa. Hata hivyo, mtu asiye na kumbukumbu za tadooba akipewa zote mbili leo, ataichagua mpya, nami sioni kwa nini tuone haya kulisema.

Tahadhari kwa wanaotaka kaseti halisi: niliwahi kununua moja sokoni kwa bei iliyonifurahisha, nikacheza jioni nzima, nikahifadhi, na asubuhi hapakuwa na kitu. Ilikuwa ya bandia.

Mzee wa Ziwani (Entebbe)

Binti yangu, umesema kweli kuhusu mifuko na masanduku, lakini si kila kinachosumbua ni kosa. Mimi nawaleteeni Metroid II ya mwaka 1991. Samus, shujaa unayemwongoza, alichorwa mkubwa kwenye kioo kile kidogo, kwa hiyo uliona hatua chache tu mbele yako. Hapakuwa na ramani. Na huko chini muziki mara nyingi haukuwa muziki bali vishindo na milio. Nilipotea humo juma zima. Nilidhani ni udhaifu wa mashine, na pengine ulikuwa udhaifu wa mashine, lakini uliifanya sayari ile iogopeshe.

Mwaka 2017 MercurySteam walitoa Samus Returns, toleo jipya la gemu hiyo, kwa ajili ya 3DS, mashine ya mkononi ya Nintendo. Ina ramani, ina pigo la kumrudishia adui shambulio lake, ina picha za kupendeza, na nimeicheza kwa raha. Lakini tazameni mwisho wake. Katika gemu ya awali, baada ya kumuua malkia, yai linapasuka, na kinda la viumbe uliotumwa kuwaangamiza linakufuata likidhani wewe ni mama yake. Unapanda polepole kurudi chomboni na hakuna adui hata mmoja. Kinda linakufungulia njia, basi. Unapewa nafasi ya kufikiri ulichokifanya. Katika toleo jipya mnapanda vilevile, ila njiani kuna maadui, na mkifika juu anatokea Ridley, adui wa Samus, pambano kubwa, milipuko, kelele. Ni pambano zuri. Lisingepaswa kuwapo.

Msafiri wa Malaba

Kwa ufupi: Pokémon Brilliant Diamond ya mwaka 2021 ilikosea upande wa pili. Walinakili Diamond ya mwaka 2006 kwa uangalifu mno hata wakayaacha mengi ya maana ambayo Platinum, toleo lililoboreshwa la Diamond, ilikuwa imekwisha kuyaongeza. Nilihisi nimeuzwa nguo yangu mwenyewe baada ya kupigwa pasi.

Dada wa Mbale

Mzee, nimekuelewa. Nitaitafuta hiyo Metroid ya zamani, na safari hii nitavumilia zaidi ya siku nne.

Betri Nne

Nashukuru kwa michango. Mtoto wa Kambi, umenitia hofu. Nimeitoa kaseti yangu ya Zelda sandukuni, na bado inawaka. Nafasi ya kwanza ina jina langu, ya pili ina jina la marehemu kaka, aliyelifupisha ili litoshe herufi tano. Je, niipeleke kwa fundi abadilishe betri kabla haijaisha?

Mtoto wa Kambi

Pole, kaka. Betri imechomelewa kwa risasi, na fundi akiitoa tu, kumbukumbu inafutika, majina yote mawili. Wapo mafundi wanaoweza kunakili kwanza kilichohifadhiwa kwenye kompyuta na kukirudisha baadaye, lakini kabla hujampata mwenye kifaa hicho, usimruhusu mtu aifungue.